Mtoto wa Ijumaa Mbili

Ezekia alipofika shuleni mwezi wa pili, begi la kompyuta mgongoni na vumbi la bodaboda mpaka kwenye nyusi, Mwalimu Pudensiana alimpokea kama mtu wa nyumbani. Hakuwa mgeni kwake. Alisoma chuo cha ualimu na marehemu mume wake, Nathanael. Chumba kimoja, ndoo moja ya maji. Nathanael alipofariki, Ezekia ndiye aliyesafiri na jeneza mpaka Kawajense, akashika jembe makaburini, akakaa matanga siku zote tatu na kulala kwenye turubai pamoja na wanaume wa mtaa. Siku ya kuanua alimwambia mjane, "Shemeji, Nathanael hayupo, lakini mimi nipo." Maneno hayo Pudensiana aliyaweka moyoni kama mtu anavyoweka akiba ya mbegu.

Sasa Ezekia alikuwa anasomea shahada ya pili, na utafiti wake aliuleta kwenye shule ya shemeji yake. Ilikuwa shule ndogo mbele ya Magamba, kule ambako miji ya Wasukuma waliohama na ng'ombe wao imetawanyika kati ya mashamba ya mahindi na visiki vya miombo. Darasa la pili lilikuwa na mikondo miwili. Mkondo A, wa Pudensiana, ungejifunza kusoma kwa kadi za silabi alizotengeneza Ezekia. Mkondo B ungeendelea na ubao kama zamani. Kila Ijumaa kila mtoto angesoma maneno thelathini mbele ya Ezekia, peke yake, na alama zake kuandikwa.

Siku ya kwanza walikaa ofisini, Ezekia akachukua chaki.

"Shemeji, kigeu ni kitu chochote kinachoweza kubadilika," alisema. "Kuna kile ninachokibadilisha mimi: kadi. Kuna kile ninachokipima: mtoto kasoma maneno mangapi. Halafu kuna hivi." Akachora viduara vingi pembeni. "Hivi ni wezi. Vinaingia kimya kimya, vinaharibu jibu. Mimi nitatangaza kadi zimefanya kazi, kumbe ni uji."

"Uji wa nani tena?"

"Wa mtoto aliyekunywa asubuhi. Mwenzake kaja na njaa. Umeona? Haya, nitajie wezi wako. Wewe ndiye unayewajua watoto."

Pudensiana alicheka, jambo ambalo tangu msiba halikuwa linamjia kwa urahisi. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Njaa. Umbali, maana wapo waliotembea kilomita saba. Lugha, kwa kuwa nyumba nyingi ni Kisukuma mtupu na Kiswahili mtoto anakikuta darasani. Mahindi yakikomaa, watoto wanalinda nyani. Macho mabovu ambayo mzazi hajui kama ni mabovu.

"Kingine?"

"Basi, shemeji. Ni hao."

Lakini kulikuwa na kimoja hakukitaja.

Kwenye daftari la mahudhurio la mkondo A liliandikwa jina la Kija, binti Masele, miaka minane. Huyo Kija alikuwa watoto wawili. Pudensiana aliligundua mwaka wa nyuma kwa jambo dogo tu. Jumatatu Kija aliandika kwa mkono wa kushoto, Jumanne kwa wa kulia, Jumatano akarudia kushoto. Vichwa vimenyolewa, sare ni ileile moja, kimo ni kilekile. Akamfuata mama yao, Nyanzala, mpaka nyumbani.

Nyanzala hakukana. Alimpa kigoda, akamletea maziwa ya mgando, ndipo akaeleza kwa Kiswahili chake cha kuhesabu hatua. "Mayu," alisema, akimwita mwalimu kama binti anavyomwita mama ingawa walikaribiana umri, "tulipofika huku serikali iliandika mtoto mmoja. Mume wangu kasema, mmoja wa serikali, mmoja wa ndama. Hakusema ni yupi. Basi mimi nikagawa."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Leo Kija shuleni na mdogo wake Kwandu, aliyefanana naye kama pacha, machungani. Kesho Kwandu shuleni, akiitika jina la dada yake, na Kija machungani.

"Wakikamatwa?" Pudensiana aliuliza.

"Wewe ndiye wa kukamata, mayu. Utakamata?"

Hakukamata. Walikubaliana. Mwaka unaofuata ukiisha, shemeji yake Nyanzala aitwaye Mabula angehamia na vijana wake, ndama wangepata wachungaji wa kutosha, na Januari Kwandu angeandikishwa kwa jina lake. "Nitamwandika mimi, kwa mkono wangu," Pudensiana alisema. Nyanzala akamtemea mate mepesi kiganjani, baraka ya kwao, na tangu siku hiyo kila msimu wa karanga mwalimu hakununua karanga.

Basi Ijumaa zikaanza. Wiki hii Kija ana Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Wiki inayofuata siku hizo ni za Kwandu. Ijumaa ya kwanza Kija alisoma maneno saba. Ya pili ishirini na mawili. Ya tatu tisa. Ya nne ishirini na manne. Ezekia alichora mstari kwenye kompyuta yake, mstari ukawa kama meno ya msumeno.

"Huyu mtoto ana pepo?" aliuliza. "Ijumaa moja mwalimu, Ijumaa nyingine kama hajawahi kuona herufi!"

"Watoto wana siku zao."

"Siku gani hizo, shemeji? Watoto sitini, hakuna anayeruka hivi. Wiki ya tano hii. Nimwite mama yake?"

"Usimwite."

Ezekia akaiweka kalamu mezani. "Kuna kitu unakijua."

Pudensiana aliangalia mlango. Wenzake walikuwa darasani. Alimwona Ezekia pale mbele yake, shati lile la mikono iliyokunjwa kama la Nathanael, na kwa kweli alikuwa amechoka kubeba vitu peke yake.

"Nikikwambia, kitaishia hapa?"

"Shemeji. Kwa kaburi la Nathanael."

Hakuna mtu aliyemwambia aape hivyo. Aliapa mwenyewe. Pudensiana akamweleza yote: mkono wa kushoto na wa kulia, sare moja, ndama, makubaliano ya Januari. Ezekia alishika kichwa, akacheka kwa mshangao. "Miaka yote najifunza vigeu, sijawahi kusikia kigeu ambacho ni mtoto mzima!" Akaandika kwenye daftari lake dogo. Pudensiana alimwona anaandika, akajiambia ni kazi yake, mtafiti huandika.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumatatu iliyofuata, watoto wakiwa mstarini asubuhi, Mwalimu Mkuu Rafaeli alisoma matangazo ya usafi, kisha akasema, "Kija binti Masele, pita mbele."

Ilikuwa zamu ya Kwandu. Akatoka mstarini na sketi yake iliyofungwa kwa kamba ya katani.

"Jina lako nani?"

"Kija."

"Mimi naitwa nani?"

"Mwalimu Mkuu."

"Na Mwalimu Mkuu anadanganywa?"

"Hapana."

Rafaeli akampa chaki, akamwonyesha ukuta. "Andika jina lako."

Pudensiana alikuwa amesimama nyuma ya watoto wake. Alitaka kupiga kelele, *shika kwa kushoto*. Kwandu aliipokea chaki kwa mkono wa kulia, akaandika KIJA, herufi nzuri zilizosimama vizuri kuliko za mtoto yeyote wa darasa lile.

"Wewe si Kija," Rafaeli alisema. "Kija ni wa kushoto. Nenda nyumbani, mwambie dada yako aje, na kuanzia leo aje kila siku. Hatufundishi watu wa zamu hapa."

Mstari ukaangua kicheko. Mvulana mmoja akasema, "Kija wa bandia!" na kicheko kikarudi upya. Kwandu hakulia. Alirudia, safari hii kwa sauti zaidi, "Mimi ni Kija," kama alivyofundishwa na mama yake, akirudia mpaka Rafaeli alipomshika bega na kumwelekeza njia.

Habari ya mkono ilijulikana na watu wawili tu pale shuleni. Mmoja alikuwa Pudensiana.

Alimkuta Ezekia kwenye kivuli cha ukuta wa stoo, akifuta vumbi kwenye begi lake.

"Shemeji, Rafaeli kajuaje mkono?"

Ezekia hakujifanya. Hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye, kwamba hakujifanya hata kidogo. "Sikiliza. Sikwenda kwa afisa elimu. Sikwenda kwa mtendaji, maana baba yao angelala ndani. Nimemwambia mwalimu mkuu peke yake, kwa upole, nikamwomba mtoto awe mmoja mpaka mwezi wa sita. Kigeu kikishajulikana kinadhibitiwa. Nikikiacha, msimamizi wangu atanirudisha mwanzo."

"Uliapa."

"Niliapa haitatoka nje. Rafaeli ni wa nje?"

"Kwa kaburi la nani, Ezekia?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina tangu wafahamiane. Ezekia aliinamisha macho kidogo. "Ni miezi mitatu tu. Ikiisha, wewe mrudishe huyo mwingine."

"Huyo mwingine ana jina."

"Sijakataa ana jina, shemeji. Nasema tu mimi siwezi kulipima."

Jioni ile Nyanzala alikuja. Hakuingia ndani, alisimama nje ya nyumba ya mwalimu, kanga imefungwa kifuani kwa nguvu.

"Mwangaluka," Pudensiana alimwamkia kwa Kisukuma, akajikuta amechanganyikiwa, maana hiyo ni salamu ya asubuhi.

"Usinisalimie kwa kwetu," Nyanzala alisema. "Nisalimie kwa serikali."

"Mama Kija, ingia nikueleze."

"Utaeleza nini? Nilikupa neno moja. Moja! Watu wengine wanapewa ng'ombe, wanatunza. Wewe nimekupa neno, umeshindwa hata kulifungia."

"Nilimwambia mtu mmoja. Mtu wangu. Aliyemzika mume wangu."

"Na mimi nilimwambia mtu mmoja, mtu wangu." Nyanzala alikaza fundo la kanga. "Basi tumefanana."

Kabla ya kuondoka alisema kwamba Masele ameshakata shauri. Kwa kuwa serikali imemtaka Kija mzima, ichukue mzima. Kwandu sasa ni wa ndama, asubuhi na jioni. Na hakumwita tena mayu. Alisema, "Kwa heri, mwalimu," kama anavyosema mtu aliyeitwa kwenye kikao.

Kija alikuja kila siku. Alikaa dawati la pili, mkono wa kushoto juu ya kadi. Pudensiana alitarajia kwamba mtoto aliyekuwa akisoma nusu ya siku za shule, akisoma siku zote, angepanda. Ezekia naye alitarajia hivyo. Ijumaa ya kwanza Kija alisoma maneno kumi na mawili, palepale alipokuwa amefikia Ijumaa yake ya mwisho ya zamu. Ijumaa ya pili kumi. Ya tatu saba. Ya tano manne.

Siku moja Pudensiana alimbakiza wakati wa mapumziko, akamgawia muhogo wake.

"Kija, zamani ulikuwa unapanda. Sasa kuna nini?"

Mtoto alimenya muhogo kwa kucha. "Zamani Kwandu alikuwa ananiuliza."

"Anakuuliza nini?"

"Nikitoka shule, tukiwa tunafunga ndama, anasema, leo mmesoma nini? Namwambia. Nikikosea ananipiga kibao. Namwambia tena. Halafu kesho yake yeye ananiambia ya kwake."

"Na sasa?"

"Haniulizi." Akatafuna. "Anasema mimi ndiye nilikwambia. Anasema nimemwibia."

"Si wewe uliyesema, Kija."

"Nimemwambia. Anasema, kama siyo wewe ni nani?"

Pudensiana alikiweka chini kipande chake cha muhogo. Akaona wazi, kama mtu anavyoona njia baada ya moshi wa shamba kuondoka. Kwa watoto wale wawili, kadi hazikuwa zimefanya kazi kubwa, wala ubao. Kila siku mmoja wao alikuwa anarudi nyumbani akiwa mwalimu, kwa sababu mwenzake alikuwa na njaa ya siku aliyoikosa. Hicho ndicho walichokuwa nacho, na hakikuwa kwenye viduara vya Ezekia wala kwenye vidole vyake yeye. Walikuwa wamekata zamu ili kulisafisha jibu, na kwa kukata zamu wakaikata shule yenyewe.

Alimwambia Ezekia siku ile ile, akadhani angalau mtafiti atashtuka.

Ezekia alisikiliza mpaka mwisho. "Inavutia," alisema. "Kweli inavutia. Lakini hiyo ya jioni sikuiweka kwenye pendekezo. Siwezi kubadilisha swali wakati majibu yameshaanza kuja."

"Basi mrudishe Kwandu uone."

"Nikimrudisha nitakuwa nimebadilisha vitu viwili kwa mpigo."

"Ulivibadilisha ulipomtoa!"

"Shemeji, punguza sauti. Watoto wanasikia."

Mwezi wa sita alileta fomu. Mwalimu wa darasa alitakiwa kuthibitisha kwa sahihi kwamba mazoezi yalifanyika bila hitilafu yoyote. Pudensiana aliisoma mara mbili, akamrudishia. Ezekia alisubiri akidhani anatafuta kalamu, kisha akaelewa. Akavuka uwanja, na Rafaeli akaweka sahihi na mhuri, maana shule ilikuwa imepewa kadi zibaki na Rafaeli alizipenda zile kadi.

Ripoti ilikuja mwezi wa kumi na moja kwenye simu. *Imetoka shemeji, Mungu ni mwema.* Ilikuwa ya Kiingereza. Pudensiana aliisoma ofisini, polepole, kidole kwenye kioo. Ukurasa wa shukrani ulikuwa na jina lake. Ezekia alimshukuru Mwalimu Pudensiana, mjane wa rafiki yake mpendwa hayati Nathanael, kwa kumsaidia kuvitambua vigeu vilivyojificha. Alilitazama jina la mume wake pale lilipowekwa. Nathanael, ambaye hakuwahi kumwaibisha mtoto mbele ya wenzake, alikuwa amesimamishwa kama shahidi wa jambo asilolijua.

Akaendelea mbele, kwenye majedwali. Kadi za silabi zilikuwa zimefaulu. Chini ya jedwali la mkondo A kulikuwa na maandishi madogo, na alilazimika kuyakuza. Mwanafunzi wa kumi na nne ameondolewa kwenye hesabu. Alama zake haziaminiki.

Watoto wawili walikuwa kwenye mstari ule mmoja. Alitafuta kurasa nyingine kama kuna mahali popote panasema kwa nini. Hapakuwa na mahali. Hakujibu ujumbe wa Ezekia, wala ule uliofuata, wala simu ya Krismasi.

Januari ilipofika, Pudensiana alichukua fomu ya uandikishaji, akaenda kwa miguu. Alijua Mabula ameshahamia na vijana wake, aliwaona gulioni. Ndama walikuwa na wachungaji. Kila kitu walichokuwa wakikisubiri kilikuwa tayari.

Nyanzala alimpa kigoda. Alimletea maziwa, akampa kwa mikono miwili, akakaa mbali kidogo kama mtu anayemngojea bwana shamba amalize ukaguzi. Mwaka mzima hawakuwa wamekaa pamoja.

"Nimekuja kumwandika Kwandu," Pudensiana alisema. "Tulikubaliana."

"Tulikubaliana, ndiyo."

"Baba yake anakataa?"

"Hakatai. Kasema siku hizi wachungaji wapo, aende tu."

"Sasa?"

Nyanzala alikiangalia kikombe kilichokuwa mkononi mwa mwalimu, si uso wake. "Mwenyewe hataki. Nimempiga, hataki. Nimembembeleza, hataki. Nikisema shule, anakimbilia kwenye ndama. Kamuulize, kama anakusikia. Mimi hilo siwezi kukusaidia."

"Mama Kija, mimi sikulala..."

"Kunywa maziwa, mwalimu. Yatachacha zaidi."

Alikunywa mpaka yakaisha, kwa sababu kuyaacha kungekuwa tusi, akashukuru, akatoka. Alimkuta Kwandu nyuma ya zizi la zamani, pale mabua ya mahindi yanapoishia na majani ya malisho yanapoanza. Alikuwa amerefuka. Nywele zilikuwa zimeachwa zikaota, hakuna ambaye angemfananisha tena na dada yake. Alikuwa anamwongoza ndama mweusi kwa fimbo bila kumpiga, akimgusa tu ubavuni.

Pudensiana alisimama hatua kumi hivi. Alifungua mdomo akagundua jambo ambalo hakuwa amelifikiria njia nzima. Kwa zaidi ya mwaka alikuwa amemfundisha mtoto huyu, akamsahihisha, akampigia makofi mbele ya wenzake, na kila alipomwita, alimwita kwa jina la dada yake. La kwake hakuwahi kulitamka mbele yake.

"Kwandu," aliita.

Ndama wawili waliinua vichwa. Mtoto hakugeuka.

"Kwandu, ni mimi. Nimekuja na fomu yako."

Mtoto aliwazungusha ndama polepole, akawatoa kwenye njia, kama watoto wa pale wanavyofanya akipita mgeni wa serikali, ili apate nafasi ya kupita. Akasimama pembeni yao, mgongo umeelekea njiani, mkono wa kulia juu ya shingo ya yule mweusi. Pudensiana alingoja. Jua lilipanda mpaka fomu ikalowa jasho mkononi. Ndipo akapita.